Rodrigo Duterte: meya aliyechaguliwa akiwa ndani ya jela ya La Haye

Jela ya Scheveningen, kando ya mji wa La Haye kule Uholanzi, si jina geni kwa wakaaji wa Ituri na Kivu. Mule walilala Thomas Lubanga, Germain Katanga, Mathieu Ngudjolo na Bosco Ntaganda. Tangu mwezi wa tatu 2025 kuko mfungwa mwengine, mzee aliyetimiza miaka 80 akiwa ndani. Huyu hakutoka porini. Alikuwa rais wa inchi yenye watu zaidi ya milioni 100, alichaguliwa kwa kura, akamaliza muhula wake wa miaka sita na kurudi nyumbani akiwa bado anapendwa. Anaitwa Rodrigo Duterte, wa Ufilipino.

Miezi miwili kisha yeye kufikishwa La Haye, mji wake wa Davao ulipiga kura. Wakaaji wakamchagua tena kuwa meya, na kwa mbali sana. Wapinzani hata hawakumkaribia. Kula kiapo hakuweza, basi mtoto wake Sebastian, aliyechaguliwa naibu wa meya, njo anashika ofisi.

Namna gani mtu anashitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, juu ya kuua watu wa inchi yake, na watu wale wale wanamrudishia kiti? Jibu haliko La Haye wala Manila. Liko Davao, na linaanza zaidi ya miaka 35 iliyopita.

Davao ni mji mkubwa wa kisiwa cha Mindanao, kusini mwa Ufilipino, mbali na mji mkuu. Duterte alizaliwa mwaka wa 1945 katika kisiwa kingine, Leyte, lakini familia ilihamia Davao akiwa mtoto. Baba yake, Vicente, alikuwa gavana wa jimbo. Mama yake, Soledad, alikuwa mwalimu. Kijana mwenyewe hakuwa mtulivu: alifukuzwa shule ya sekondari, na baadaye alijivunia mbele ya watu kwamba alimpiga mwanafunzi mwenzake risasi walipokuwa wanasomea sheria. Diploma alipata hata hivyo, mwaka wa 1972, na kuanzia 1977 akafanya kazi katika ofisi ya mwendesha mashitaka wa mji.

Mwaka wa 1986 Rais Ferdinand Marcos, aliyeshika inchi kwa miaka 20, akaangushwa na maandamano ya raia. Mama Soledad alikuwa mmoja wa walioongoza maandamano hayo kule Davao. Serikali mpya ya Corazon Aquino ilitaka kumpa cheo. Yeye akaomba wampe mtoto wake. Ndivyo Duterte alivyoingia ofisi ya mji kama naibu wa meya. Mwaka wa 1988 akagombea umeya, akashinda. Kutoka hapo, ukitoa miaka michache alipokuwa mbunge au naibu wa binti yake Sara, Davao ilikuwa mikononi mwake hadi 2016.

Mji aliopokea haukuwa mji wa kulala usingizi. Wapiganaji wa kikomunisti wa NPA walikuwa wanaua askari polisi mchana katikati ya barabara. Upande mwengine jeshi lilikuwa linasaidia kundi la raia wenye silaha, Alsa Masa, lililosaka kila aliyeshukiwa kuwa mkomunisti. Maiti zilikuwa zinaokotwa asubuhi. Mtu aliyeishi maisha ya namna ile hasahau, na wazee wa Davao hawakusahau. Duterte alizungumza na wakomunisti, akawapa wengine nafasi, akatuliza vita ndani ya mji. Halafu akaweka mambo ambayo mkaaji anaona kwa macho: namba ya simu ya dharura inayojibiwa usiku na mchana, marufuku ya kuvuta sigara hadharani, saa ya watoto kuwa nyumbani. Usiku yeye mwenyewe alikuwa anazunguka na pikipiki.

Watu wakasema huyu njo anajua dawa ya wezi. Dawa yenyewe, kumbe, ilikuwa na upande ambao wengi walichagua kutoangalia.

Katika miaka ya 1990 jina moja likaanza kusikika: kikosi cha kifo cha Davao. Watu wawili wanafika na pikipiki, wanapiga, wanaondoka bila haraka. Polisi inafika ikiwa imechelewa na haipati shahidi. Waliouawa walikuwa watoto wa barabarani, wezi wa telefone, wauzaji wadogo wa shabu, ile dawa ya kulevya inayovutwa sana kule. Mama mmoja wa sokoni alizika watoto wake wanne wa kiume, mmoja kisha mwengine, kati ya 2001 na 2007. Shirika la haki za binadamu Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka wa 2009, na mashirika ya raia ya Davao yalihesabu vifo zaidi ya 1.400 hadi 2015. Kuko jambo moja katika ripoti hiyo ambalo kila mtu wa redio angepaswa kulisoma mara mbili: meya alikuwa anasoma majina ya washukiwa hewani, na baadhi ya waliotajwa walikutwa wamekufa. Chombo kile kile kinachotangaza mvua na bei ya unga.

Mwaka wa 2009 pia, Leila de Lima, aliyeongoza tume ya kitaifa ya haki za binadamu, alifika Davao kufungua uchunguzi. Wakubwa hawakuguswa. Jina la de Lima litarudi.

Kwa hiyo wale wanaosema vita ya Duterte juu ya madawa ya kulevya ilianza 2016 wanakosea. Mwaka wa 2016 ilipanda tu ndege kutoka Davao kwenda Manila. Katika kampeni hakuficha kitu: aliahidi hadharani kwamba wahalifu watakufa kwa maelfu na kwamba samaki wa ghuba ya Manila watanenepa. Watu milioni 16 na zaidi wakampa kura, karibu 39 kwa mia, na katika mfumo wa Ufilipino, wenye duru moja tu, hiyo ilitosha. Ni watu waliochoka na familia tajiri zinazopokezana madaraka, na foleni za magari, na polisi wa kununuliwa. Mbele yao alisimama mtu anayetukana kama wao, anayetoka kusini, ambaye mji wake ulikuwa na sifa ya usafi.

Aliapa tarehe 30 mwezi wa sita 2016. Mkubwa wa polisi akawa Ronald dela Rosa, aliyekuwa mkubwa wa polisi wa Davao. Operesheni ikaitwa Tokhang, maneno mawili ya lugha ya kule kusini yaliyounganishwa: kugonga mlango na kuomba. Askari walikuwa wanatembea nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha. Orodha ilitoka kwa viongozi wa barangay, ambayo ni kama mtaa na chefu wake. Mahali pengine waliweka sanduku ili jirani aandike jina la jirani na kulitumbukiza bila kuonekana. Mwenye kujua namna chuki ya shamba au ya deni inavyotembea ndani ya mtaa anaweza kufikiri mwenyewe ni majina gani yaliingia mule.

Katika ripoti za polisi neno moja lilirudi: nanlaban. Maana yake alipigana, alikataa kukamatwa. Mshukiwa alikuwa na bastola, alipiga kwanza, askari wakajitetea. Meya wa mji mdogo wa Albuera, Rolando Espinosa, aliyeshitakiwa kuuza madawa, aliuawa na polisi mwezi wa kumi na moja 2016 ndani ya chumba chake cha jela, kabla jua halijatoka. Naye, kwa maneno ya polisi, alipigana. Mwaka uliofuata, katika Caloocan, kaskazini mwa Manila, kijana wa shule mwenye miaka 17 aliuawa. Polisi ikasema alipigana. Kamera ya mtaa ikaonyesha askari wanamburuta mtu asiye na silaha. Askari watatu walihukumiwa mwaka wa 2018. Kesi za namna hiyo zilizofika mwisho zinahesabika kwa vidole.

Pembeni ya polisi kulikuwa na wale wa pikipiki, wenye kufunika uso. Maiti zao zilikutwa zimefungwa kichwa na utepe wa kufungia makartoni, na kipande cha kartoni juu ya kifua kikisema huyu ni muuzaji, msimfuate. Karibu wote walitoka katika mitaa ya maskini. Wakati huo, mwaka wa 2017, zaidi ya kilo 600 za shabu kutoka China zilipita katika duane ya Manila bila kizuizi.

Hesabu ya vifo inapingwa hadi leo. Serikali yenyewe ilikubali watu zaidi ya 6.200 waliouawa katika operesheni za polisi hadi mwaka wa 2022. Ofisi ya mwendesha mashitaka wa CPI ilisema ukiongeza waliouawa na watu wasiojulikana unafika kati ya 12.000 na 30.000. Tofauti hiyo ni kubwa, na inatoka mahali: vifo vingi vilifungiwa ndani ya fomu ya polisi bila kufunguliwa tena.

Uchunguzi wa maoni uliofanywa mwisho wa 2016 na taasisi ya SWS ya kule unaeleza hali kuliko hotuba zote. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 walisema wanaridhika na kampeni ile. Na karibu 8 kati ya 10 walisema wanaogopa kwamba wao au mtu wanayemjua atauawa nayo. Ni watu wale wale. Walikuwa wanapenda dawa na kuogopa chupa yake.

Mkongomani hana haja ya kwenda Asia kuelewa hamu hiyo. Mwisho wa 2013 polisi ya Kinshasa ilianzisha operesheni Likofi juu ya wakuluna. Wakaaji wengi walipiga makofi. Baadaye Human Rights Watch ilihesabu vijana wasiopungua 51 waliouawa, wengine mbele ya mlango wa kwao, na mkubwa wa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, aliyetoa ripoti yake, akafukuzwa inchini. Tofauti na Ufilipino ni ukubwa tu, na kwamba Likofi haikudumu.

Aliyejaribu kumzuia Duterte alilipa. De Lima, sasa seneta, alifungua vikao vya Seneti mwaka wa 2016 na kumleta shahidi aliyesema alikuwa muuaji wa kikosi cha Davao. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe akafungwa, akishitakiwa kuchukua pesa za wauza madawa. Alikaa jela karibu miaka saba. Mashahidi wakageuka, na kesi ya mwisho ikafutwa 2024.

Hapo njo CPI inaingia. Ufilipino ilikuwa mwanachama tangu 2011. Mwezi wa pili 2018 mwendesha mashitaka akatangaza kwamba anachunguza hatua za kwanza. Mwezi uliofuata Duterte akatangaza kutoka. Mkataba wa Roma unasema kutoka kunachukua mwaka mmoja, na kwamba mambo yaliyofanyika inchi ikiwa ndani yanabaki ndani. Ufilipino ikatoka rasmi tarehe 17 mwezi wa tatu 2019. Wakaaji wa Uvira waliona jambo hilo karibu zaidi: Burundi ilikuwa inchi ya kwanza kutoka, mwezi wa kumi 2017, na majaji waliruhusu uchunguzi siku mbili tu kabla mlango haujafungwa. Kwa Duterte ruhusa ilikuja 2021, akiwa bado rais. Hakutetemeka. Alikuwa na sababu.

Sababu yake ilikuwa mapatano ya familia. Mwaka wa 2016 alikubali Marcos mzee azikwe katika makaburi ya mashujaa, jambo ambalo familia Marcos ilingojea miaka mingi na marais wengine walikataa. Mwaka wa 2022 Ferdinand Marcos mtoto akagombea urais, na Sara Duterte akasimama pembeni yake kama makamu. Wakashinda pamoja. Marcos akasema CPI haina kazi Ufilipino. Mzee akarudi Davao kupumzika.

Mapatano yakaoza. Kuko ugomvi wa pesa za siri za ofisi ya Sara, kuko siasa ya nje, kuko uchaguzi wa 2028 ambao Sara anaulenga. Mwaka wa 2024 Sara akatoka serikalini, na mwezi wa pili 2025 wabunge wakapiga kura ya kumshitaki ili aondolewe, ingawa baadaye Mahakama Kuu ilisema utaratibu ule haukufuata katiba. Katikati ya hayo bunge na Seneti vikaita mashahidi wa vita ya madawa. Kanali mmoja mstaafu wa polisi akasema kulikuwa na zawadi kwa kila aliyeuawa, kuanzia pesos 20.000, dola 400 na kitu, hadi milioni moja kwa mkubwa. Duterte mwenyewe alifika Seneti mwezi wa kumi 2024. Alisema, bila kulazimishwa, kwamba akiwa meya alikuwa na kikosi cha kifo cha watu saba, majambazi si polisi, na kwamba aliwaambia askari wawachokoze washukiwa ili wapigane na kuuawa. Akaongeza kwamba jukumu la kisheria ni lake.

Majaji wa CPI walitoa hati ya kumkamata tarehe 7 mwezi wa tatu 2025. Siku nne baadaye alitua Manila akitoka Hong Kong, na polisi wakamngoja uwanja wa ndege. Kabla usiku kuisha alikuwa ndani ya ndege nyingine, kupitia Dubai, kuelekea Uholanzi. Serikali ya Marcos ilisema haikushirikiana na CPI. Ilijibu tu ombi la Interpol, na ilitumia sheria ya inchi ya mwaka wa 2009 inayoruhusu kumkabidhi mshitakiwa kwa mahakama ya kimataifa.

Sheria ya 2009. Ilikuwa ndani ya kabati miaka yote ile. Haikuandikwa upya na haikubadilishwa neno. Kilichobadilika ni kwamba nyumba mbili zilizokuwa zinakula sahani moja ziligombana. Watu wa Bunia wamesikia muziki huo: Kinshasa ilimkabidhi Lubanga mwaka wa 2006 na Katanga 2007, wakati kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuwa mfungwa asiye na kazi tena kwa serikali, na maswali juu ya waliowapa silaha yakabaki mlangoni. Wafuasi wa Duterte wanasema huo ni utekaji wa kisiasa. Wana haki juu ya siasa. Lakini siasa kufungua mlango hakumfufui mtu hata mmoja aliyeuawa, wala hakufuti maneno ambayo mzee aliyasema kwa kinywa chake.

La Haye, hati ya kwanza ilitaja watu 43 waliouawa. Mashitaka yaliyofuata yanataja mauaji yasiyopungua 76, kuanzia Davao hadi miaka ya urais. Familia nyingi ziliumia kuona namba ndogo namna ile mbele ya maelfu. Ni kesi ambazo mwendesha mashitaka anaamini anaweza kuzithibitisha moja moja. Kikao cha kuthibitisha mashitaka kilipangwa mwezi wa tisa 2025, kikaahirishwa kwa sababu maavoka wake walisema akili ya mzee haishiki tena kumbukumbu. Mwezi wa kumi majaji wakakataa hoja kwamba CPI haina uwezo juu ya inchi iliyotoka. Mwezi wa kumi na moja majaji wa rufaa wakakataa kumwachilia kwa muda.

Kule Manila kazi nyingine inaendelea, bila kamera nyingi. Maskini wa mji ule wanakodi kaburi kwa miaka mitano. Muda ukiisha, mifupa inatolewa. Padri Flavie Villanueva amekuwa anasaidia familia kuichukua kwa heshima. Kabla haijachomwa, daktari Raquel Fortun, mtaalamu wa maiti, anaichunguza. Amekuta matundu ya risasi katika mafuvu ya watu ambao cheti cha kifo kinasema walikufa na ugonjwa wa mapafu. Familia zilikuwa zimekubali karatasi ile kwa sababu bila karatasi hakuna mazishi, na uchunguzi wa maiti ulikuwa unaongeza malipo.

Ronald dela Rosa, yule mkubwa wa polisi, sasa ni seneta. Alichaguliwa tena mwezi wa tano 2025, siku ile ile Davao ilipomchagua mfungwa wake. Mwezi wa kumi na moja kiongozi wa ofisi inayosimamia mashitaka juu ya wakubwa wa serikali alisema redioni kwamba CPI imetoa hati ya kumkamata naye. Kuanzia juma lile kiti cha dela Rosa katika vikao vya Seneti kikabaki wazi.